Bibi amerudisha mchele wetu, na mwenyekiti wa klabu ni wifi yangu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tanga mjini, na ni mweka hazina wa klabu yetu ya kujitolea. Tulianza mwaka 2019 tukiwa watu tisa tuliosoma pamoja sekondari, leo tumefika 28. Kila mwanachama anatoa 10,000 kwa mwezi. Yapo mengi tuliyoyafanya ambayo hata sasa nikiyakumbuka nafurahi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, tunatoka na makoleo na mafagio, na mtaro wa nyuma ya soko tumeuzibua kwa mikono yetu zaidi ya mara moja. Watoto kadhaa wamevaa sare tulizowashonea sisi na hakuna ajuaye.

Kila Ramadhani tunatoa futari kwa wazee na wajane wa mtaa. Zamani tulikuwa tunapita nyumba kwa nyumba baada ya alasiri, wawili wawili, tunabisha hodi, tunaacha mfuko, tunaondoka. Mwaka huu mwenyekiti alipata mfadhili, mfanyabiashara mmoja, akatupa milioni moja. Sharti lake ni picha, video, na bango lenye jina la duka lake.

Basi tukapiga turubai uwanjani. Turubai lenyewe lilikuwa la wageni, wazee 40 wakawekewa viti juani, saa tisa, wamefunga. Mgeni rasmi akachelewa saa nzima na nusu. Kisha kila mzee akaitwa jina kwenye spika, anasimama mbele ya bango, anashika mfuko upande huu na mgeni rasmi anaushika upande ule, wote watazame kamera. Bibi mmoja aliambiwa arudie, kwa sababu picha ya kwanza alikuwa ametazama chini. Akarudia. Picha hiyo ya pili ndiyo iliyosambaa, na mimi mwenyewe niliiweka kwenye status yangu, nikaandika "Kutoa ni moyo", maneno yale yale yaliyoko mgongoni mwa fulana zetu.

Siku ya nne, baada ya magharibi, nikasikia hodi. Ni bibi yule. Anauza bajia na kachori asubuhi pembeni ya barabara, nimekula bajia zake tangu niko shule ya msingi. Amebeba mfuko wetu ndani ya kanga. Mchele haujafunguliwa, mafuta hayajafunguliwa, tende vile vile. Akakaa kizingitini, akafungua fundo la kanga, akahesabu noti tatu za elfu moja moja, akaniwekea kiganjani. Akasema, "Sukari tuliifungua siku ile ile mwanangu. Sikujua." Kumbe mjukuu wake wa darasa la sita shuleni wamempa jina, wanamwita Kilo Tano, kwa ule mchele. Siku mbili kagoma kwenda shule.

Nililisema jambo hili kwenye kikao. Mwenyekiti akajibu kwamba bila picha hakuna mfadhili, na kwamba bibi mmoja kuchukia si hoja wakati 39 wamefurahi. Wengine wakacheka. Kesho yake nikasikia kwamba nauonea wivu uenyekiti.

Shangazi, mwenyekiti ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Ndiye aliyenipokea nilipoolewa, na ndiye aliyenilelea mtoto wa kwanza nilipokwenda kumalizia chuo. Mume wangu ameniambia neno moja tu: "Usitie fitina kwetu." Na mwezi ujao tunakwenda kituo cha watoto yatima, mpiga picha ameshapewa malipo ya awali.

Hesabu ya siku ile ninayo. Tulitumia 1,980,000. Mifuko 40 kwa 28,000 ni 1,120,000. Fulana 420,000, mpiga picha na video 200,000, turubai, viti na spika 180,000, bango 60,000.

Nijiuzulu? Na huu mchele ulioko stoo kwangu, na hizi 3,000 zilizoko kwenye droo, nizifanyeje? Kila nikiifungua droo nafsi inanisuta.

Mweka Hazina, Tanga

Jibu la Shangazi

Marahaba mwanangu.

Tuanze na hizo 3,000. Usimrudishie. Najua mguu unakuwasha uende kwake sasa hivi, umsihi azichukue, umwongezee na za kwako. Usithubutu. Bibi yule amekulipa sukari. Alipofungua fundo la kanga alikuwa anajitoa kwenye orodha yenu, anarudi kuwa mtu anayenunua vitu vyake kama wewe. Ukimrudishia hela, unamrudisha mbele ya bango. Mkatie risiti. Sikutanii, wewe ni mweka hazina: andika sukari kilo moja, 3,000, imelipwa, tarehe, sahihi, na nakala ibaki kwenye kitabu cha klabu. Mfuko uliorudi nao uandike hivyo hivyo, kwamba umerudishwa. Mchele huo mpeni mtu mwingine kimya kimya.

Kwake utakwenda, lakini mikono mitupu, na kabla hujatoka nyumbani ile picha iwe imeshafutwa. Status yako ilishajifuta yenyewe baada ya saa 24, hiyo haihesabiki kama toba. Nazungumzia iliyobaki kwenye ukurasa wa klabu, kwenye kundi la WhatsApp, kwa mpiga picha, na kwa mfadhili kama aliipokea. Waombe mmoja mmoja. Wapo watakaokataa, utajua ni nani. Kisha nenda jioni, bajia zikiwa zimekwisha, ukae chini, umwambie: "Bibi, nimekukosea. Picha niliiweka na mimi." Basi. Usimweleze habari za mfadhili wala za mwenyekiti, usimsingizie mtu. Na usimwombe akusamehe papo hapo, maana mtu mzima akiombwa msamaha nyumbani kwake atasema yamekwisha hata kama hayajakwisha.

Mjukuu ni jambo zito zaidi. Jina la utani la darasa la sita linaweza kumfuata mtu hadi anaoa. Muulize bibi kama ataridhia uzungumze na mwalimu wa darasa. Akikataa, acha.

Sasa nije kwa wifi yako, maana ndiye anayekunyima usingizi.

Simuoni kama mtu mbaya. Kuendesha klabu ya watu 28 ni kazi ya kupiga simu. Huyu hajatoa ada miezi mitatu, yule kasafiri, huyu kanuna kwa sababu hakuchaguliwa katibu. Klabu nyingi za namna hii zinakufa mwaka wa pili au wa tatu, na hazifi kwa ugomvi, zinakufa kwa kuchoka. Yeye kaifikisha hapo ilipo. Akiona milioni moja mezani, anaona klabu haitakufa mwaka huu. Hofu yake ni ya kweli na ukienda kwake bila kuiheshimu atakufungia mlango, na mimi nitakuwa upande wake.

Lakini hesabu uliyoniandikia, mwanangu, umeisoma? Mimi nimekaa nayo na kikombe cha chai mpaka chai ikapoa. Mfadhili kawapa 1,000,000. Shughuli ya kumpigia mfadhili picha, yaani fulana, turubai, spika, mpiga picha na bango, imekula 860,000. Kwa hiyo kilichoingia kwa wazee kutoka kwenye milioni ile ni 140,000. Gawanya kwa wanachama 28. Ni 5,000 kila mmoja. Mngechangishana 5,000 za ziada siku hiyo mngetoa mifuko ile ile 40, bila bango, bila jua la saa tisa, na hakuna mtoto ambaye angeitwa Kilo Tano. Na ukitazama upande wa pili, kila mfuko wa 28,000 umesindikizwa na shamrashamra za 21,500.

Hiyo ndiyo karatasi ya kumpelekea wifi. Usiipeleke kikaoni kwanza, wala usiitume kwenye kundi, ukifanya hivyo utakuwa umemwita naye mbele ya bango. Nenda kwake mchana wa siku ya kazi watoto wakiwa shule. Mwite kama unavyomwita siku zote, msaidie anachokifanya jikoni, halafu mwambie kisa cha fundo la kanga polepole, kama ulivyoniandikia mimi. Nina hakika kikaoni hukukisema hivyo. Kikaoni ulisema "kuna bibi amelalamika". Hakulalamika. Alilipa. Ndipo uitoe karatasi, na useme: "Wifi, nataka tuipeleke kwenye kikao mimi na wewe, iwe yako." Hoja ikitoka kinywani mwake, hakuna aliyeshindwa.

Mume wako muache nje. Kasema usitie fitina, hajasema ufiche hesabu. Ukimvuta aamue kati ya mkewe na dada yake, hata akiamua kwa haki utalipa wewe.

Hoja ya "39 wamefurahi" hiyo usiipuuze ila uijibu. Nani aliwauliza? Aliyefunga na hana cha kufuturu hachagui mlango wa kuingilia. Atakaa juani, atatazama kamera, atasema ahsanteni wanangu, atakuombeeni dua, na ni dua ya kweli. Haimaanishi hakuumia. Sisi watu wa pwani tuna neno sitara, na tunalitumia sana kwenye mavazi, tukasahau kwamba shida ya mtu nayo ina mwili wake na inataka kufunikwa. Mlipokuwa mnapita wawili wawili baada ya alasiri, mlikuwa mnajua hivyo bila kufundishwa. Kutoa kwa namna ambayo mtu atakumbushwa kila akitazama simu ya jirani, hayo ni masimango, hata kama hakuna aliyefungua mdomo.

Mfadhili naye azungumzwe, huenda si mkaidi kama mnavyodhani. Wengi wanaomba picha kwa sababu wameshaibiwa: walitoa, hela ikaishia njiani. Anachotafuta ni uhakika, picha ni njia anayoijua. Mpeni uhakika ulio bora zaidi. Mpeni risiti za duka la jumla, picha ya mifuko 40 ikiwa imepangwa kabla ya kutoka, na barua ya mwenyekiti wa mtaa yenye mhuri kwamba kaya 40 zimefikiwa. Akitaka jina lake lionekane, ajenge kitu kisicho na uso. Bomba la maji kwenye shule, mfuniko wa ule mtaro wenu wa sokoni, benchi za kituo cha daladala, hapo aandike jina lake kwa herufi kubwa kadiri anavyotaka, benchi halioni haya. Akikataa yote hayo, basi alikuwa anatafuta tangazo, na tangazo la 140,000 mnaweza kuishi bila hilo.

Safari ya kituo cha watoto ndiyo inayonitisha kuliko yote, kwa sababu watoto hawawezi kurudisha mfuko.

Mpiga picha mwambieni mapema kwamba hakuna nyuso za watoto. Si adabu tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa zinazohusu watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Mtoto wa miaka saba aliyeshikishwa ndoo ya sabuni mbele ya fulana 28 atakuwa na miaka 20, anatafuta kazi au mchumba, na picha ipo, imeandikwa "yatima". Malipo ya awali yakipotea yapotee. Au mpiga picha awapige nyinyi mkifua mashuka.

Halafu pigeni simu kabla. Nitakusimulia aibu yangu. Miaka kadhaa iliyopita mimi na kikundi cha wenzangu tulichanga, tukajaza pikapu sabuni za mche na sukari, tukaenda kwenye kituo kimoja wiki ya Idi. Mama mlezi alitushukuru sana, akatupeleka stoo tusaidie kupanga. Sabuni zimefika darini. Sukari ya tangu Ramadhani ya mwaka uliopita imeingia unyevu, imekuwa mawe, mtu unaweza kumpasua nayo kichwa. Akasema kwa upole kabisa, hana hata nia ya kututia aibu, "Pedi hamkubeba?" Kituo kilikuwa na wasichana 19. Umeme wa LUKU ulikuwa umekatika tangu juzi yake. Sisi tulikuwa na sabuni.

Vituo vinafurika Ramadhani, Idi na Krismasi, kisha ikifika Februari au Agosti hakuna anayebisha hodi. Mpigie mama mlezi, muulize ana nini kingi na ana nini hana, na umuulize wa mwezi gani. Ukimsikia anasita, zungumza na Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, anazijua shida za vituo vyake vizuri kuliko mtu yeyote.

Hapo nataka klabu yenu ijifunze kitu kwa wakubwa, Rotary na Lions, klabu za kujitolea zilizoenea duniani. Rotary ilianzishwa Chicago mwaka 1905 na wakili Paul Harris na wenzake watatu, na jina limetokana na kukutana kwa zamu ofisini kwa huyu na yule. Mimi si shabiki wa chakula cha mchana cha tai shingoni, lakini mwaka 1985 walijitwika polio na mpaka leo hawajaitua. Agosti 2020 Afrika ikatangazwa kuwa imeondokana na polio ya asili. Lions nao, mwaka 1925 Helen Keller, mwanamke asiyeona wala kusikia, alisimama kwenye mkutano wao akawaomba wawe watetezi wa vipofu, na mpaka sasa ukisikia Lions unafikiria miwani na mtoto wa jicho. Nyinyi miaka hii yote mmegusa mtaro, sare, futari, yatima. Vyote ni vyema, lakini mzee aliyepata mfuko Ramadhani hii atakula nini mwezi huu ukiisha na mgeni rasmi akishaondoka? Chagueni kitu kimoja mtakachokishika hata mwaka ambao hakuna mfadhili. Wanachama wenu 28 kwa 10,000 ni 280,000 kila mwezi. Si hela ndogo kwa jambo moja linalorudiwa.

Mkitaka la kuanzia lisilo na foleni wala spika, changieni damu. Anayepokea hamumjui, naye hawajui nyinyi. Anayetakiwa ni mtu mwenye afya, wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, mwanaume kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya miezi minne. Chupa moja haizidi sana nusu lita, na haikai zaidi ya wiki tano au sita, ndiyo maana benki ya damu haijai ikatulia. Wachangiaji wengi nchini ni wanafunzi. Shule zikifungwa, chupa zinapungua, na mama anayevuja damu baada ya kujifungua hasubiri muhula ufunguliwe. Pangeni zamu zenu zianguke likizoni.

Kuhusu kujiuzulu, hapana, si sasa. Ukiondoka, kitabu cha hesabu atakishika mtu anayecheka kikaoni. Ombeni tu jambo moja liingie kwenye katiba yenu, kwamba fulana na mabango hayatoki kwenye hela ya misaada, anayetaka fulana ajinunulie. Kama klabu bado haijasajiliwa na mnapokea hela za watu wa nje, mwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata mapema, kabla hamjapokea milioni ya pili.

Na bibi wa bajia, subiri miezi miwili au mitatu, jambo lipoe. Kisha klabu ikiwa na kikao, agizeni kwake bajia za watu 28, kwa bei yake, mlipe palepale. Akikuzidishia mbili tatu za bure, zipokee.